Bei ya uniti isikudanganye: namna ya kutafuta umeme na gesi ya nyumbani kwa nafuu

Niliwahi kuhama kampuni ya umeme kwa sababu ya namba moja. Tangazo lilisema uniti ni senti 20, mimi nilikuwa nalipa 24. Sikuuliza zaidi. Mwaka ulipokwisha nikajumlisha bili zangu na kukuta nimelipa zaidi kuliko mwaka uliotangulia, ilhali matumizi yalikuwa yale yale. Sikuibiwa. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa kwenye mkataba, ukurasa wa pili, ambao sikuusoma. Kilichoniponza ni tozo ya kila siku, na nitaieleza hapa chini kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayowaponza wengi.

Jua kwanza kama una nafasi ya kuchagua

Nchi nyingi zina kampuni moja tu inayouza umeme majumbani, na hapo suala la kuhama halipo. Kwingine soko limefunguliwa. Uingereza ilikamilisha kulifungua kwa nyumba za kawaida mwaka 1999, jimbo la Texas la Marekani lilifuata 2002, na Umoja wa Ulaya uliwapa wateja wote wa nyumbani haki hiyo Julai 2007. Hata ndani ya soko huria kuna visiwa: mkazi wa Austin au San Antonio, miji mikubwa ya Texas, hachagui, kwa kuwa umeme wake unauzwa na shirika la jiji.

Kama kwako kuna kampuni moja, usiondoke bado. Kampuni hiyo huenda ina madaraja kadhaa ya bei, na mtu anaweza kukaa miaka kwenye daraja lisilomfaa. Hesabu ya kujua lipi linakufaa ni hii hii.

Kuna hofu moja tuiondoe mapema. Kampuni unayoilipa si lazima iwe ndiyo yenye nguzo na nyaya. Katika masoko yaliyofunguliwa, muuzaji ni mmoja na mwenye mtandao ni mwingine. Ukihama unabadilisha anayekutoza, nyaya zinabaki zile zile na mita kwa kawaida inabaki ile ile. Taa hazizimiki siku ya kuhama. Na umeme ukikatika usiku wa mvua, anayeitwa ni mwenye mtandao, ambaye hajali unanunua kwa nani. Kwa hiyo mtu akikuambia kampuni fulani ina umeme usiokatika, mwulize ana nyaya zake?

Kusanya bili za mwaka mzima

Mali bila daftari hupotea bila habari. Unachotafuta kwenye bili ni uniti, si fedha. Uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani kifaa cha wati 1,000 kikiwashwa saa moja. Jumlisha uniti za miezi 12 mfululizo. Mwezi mmoja hautoshi, kwa sababu kuna majira ya baridi na majira ya joto, na anayepiga hesabu kwa bili ya mwezi mwepesi atajidanganya. Bili nyingi siku hizi zina mstari unaotaja matumizi ya mwaka, hivyo huenda kazi hiyo umeshafanyiwa.

Angalia pia kama namba ya mita ilisomwa kweli au ilikadiriwa. Bili huwa na alama au neno linalosema hivyo. Makadirio yakirundikana miezi sita, unalinganisha bei kwa matumizi ya kubuni. Nenda kwenye mita, soma mwenyewe, piga picha, tuma namba hiyo, kisha subiri bili iliyorekebishwa.

Kwa gesi ya bomba kuna jambo la ziada. Mita nyingi hupima ujazo, ilhali unatozwa kwa uniti. Mita moja ya ujazo ya gesi asilia hutoa takriban uniti 11. Uingereza bado kuna mita za zamani zinazohesabu futi za ujazo mia mia badala ya mita za ujazo, na futi mia moja za ujazo ni mita za ujazo 2.83 tu. Mita mpya ikiandikishwa kimakosa kama ya zamani, mteja anatozwa karibu mara tatu ya alichotumia. Soma maandishi yaliyo kwenye uso wa mita: ni m³ au ft³? Linganisha na bili. Dakika moja tu.

Umehamia nyumba mpya na huna bili? Soma mita leo, isome tena wiki ijayo saa ile ile, zidisha mara 52. Ni kadirio bovu, lakini linashinda kubahatisha. Ukipata miezi mitatu, rudia.

Hesabu yenyewe

Bili ya kawaida ina vipande viwili. Kipande cha kwanza ni bei ya uniti. Cha pili ni tozo ya kila siku, unayolipa hata ukisafiri na kuzima kila kitu. Tangazo hupenda kukuonyesha kipande kile kinachopendeza.

Tuseme nyumba yako inatumia uniti 2,400 kwa mwaka. Kampuni ya kwanza inauza uniti kwa senti 20 na inatoza senti 60 kwa siku. Ya pili inauza kwa senti 24 na kutoza senti 25 kwa siku.

Ya kwanza: 2,400 × 20 ni senti 48,000. Ongeza 365 × 60, yaani 21,900. Jumla 69,900.

Ya pili: 2,400 × 24 ni 57,600. Ongeza 365 × 25, yaani 9,125. Jumla 66,725.

Yenye uniti ghali ndiyo nafuu, kwa senti 3,175 kwa mwaka. Mtego wangu ulikuwa huo huo: nilikuwa naishi peke yangu, natumia kidogo, nikakimbilia bei iliyotengenezwa kwa ajili ya familia kubwa.

Sasa igeuze. Nyumba yenye watu wengi inayotumia uniti 4,800 ingelipa 117,900 kwa kampuni ya kwanza na 124,325 kwa ya pili. Kampuni zile zile, bei zile zile, mshindi amebadilika. Mahali zinapopishana ni rahisi kupajua: tofauti ya tozo kwa mwaka (12,775) gawanya kwa tofauti ya bei ya uniti (4), unapata karibu uniti 3,194. Chini ya hapo chagua tozo ndogo, juu ya hapo chagua uniti rahisi. Ndiyo maana ushauri wa jirani, hata awe mwaminifu namna gani, hauna maana mpaka ujue mita yake inasoma ngapi.

Mambo mawili ya kuangalia kabla ya kuziamini namba zako. Je, bei zote mbili zina kodi ndani, au moja imetajwa bila kodi? Na je, bei ya uniti ni moja kwa matumizi yote, au inapanda ukivuka kiwango fulani? Pale bei inapopanda kwa ngazi, piga hesabu ya kila mwezi peke yake, kwa sababu mwezi mmoja mzito unaweza kukurusha ngazi ya juu wakati wastani wa mwaka unaonekana salama.

Aina za bei

Bei isiyobadilika hufungwa kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja au miwili. Kinachofungwa ni bei ya uniti na tozo. Bili haifungwi. Ukitumia zaidi utalipa zaidi, na bado nakutana na watu wanaodhani wameahidiwa bili ile ile kila mwezi. Kutoelewana kwa namna hiyo kupo pia kuhusu kikomo cha bei cha Uingereza, kilichoanza Januari 2019: kinabana bei ya uniti na tozo ya kila siku kwa mtu aliye kwenye bei ya kawaida ya kampuni, ile ya asiyechagua mkataba maalumu. Kiasi kinachotajwa kwenye habari ni cha nyumba ya mfano, na anayetumia zaidi ya nyumba hiyo atalipa zaidi ya kiasi hicho.

Bei inayobadilika hupanda na kushuka kwa uamuzi wa kampuni. Faida yake ni uhuru wa kuondoka.

Bei ya saa humtoza mteja kidogo usiku na zaidi mchana au jioni. Hapa watu hujipa matumaini makubwa mno. Chukua bei moja ya siku nzima ya senti 24 dhidi ya mkataba wenye senti 29 mchana na 12 usiku. Ili mkataba wa pili ukufae, karibu asilimia 30 ya uniti zako zote lazima ziwe za usiku. Kama usiku huo ni wa saa saba, ujue saa saba ni asilimia 29 ya siku. Maana yake hata kifaa kinachofanya kazi sawasawa mchana na usiku, kama jokofu, hakikufikishi kwenye faida. Na saa hizo wengi wamelala, taa zimezimwa. Anayefaidi ni mwenye gari la umeme analolichaji usiku, au hita ya maji iliyowekewa saa ya kuiwasha na kuizima. Huna kimojawapo? Pita. Labda kama mita yako ya kisasa inakuonyesha matumizi ya kila saa na umeyaona kwa macho yako.

Kisha kuna bei inayofuata soko la jumla, ambako kampuni zenyewe hununua umeme, inayobadilika kila saa au chini ya hapo. Ndani ya Umoja wa Ulaya, kampuni yenye wateja zaidi ya 200,000 inatakiwa na sheria kuwa na mkataba wa namna hii kwa wenye mita za kisasa. Soko likitulia, ni nafuu kweli. Lakini Februari 2021 baridi kali ilipoiangukia Texas na mitambo ikaganda, bei ya jumla ilifikia dola 9,000 kwa megawati-saa, yaani dola 9 kwa uniti moja, ikakaa huko kwa siku kadhaa. Waliokuwa kwenye mikataba ya soko la jumla walipata bili za maelfu ya dola kwa wiki moja. Majirani zao wenye bei iliyofungwa, waliotetemeka kwa baridi ile ile, walilipa kwa bei yao ya siku zote. Mkataba huu ni wa mtu mwenye akiba benki na uwezo wa kuzima vitu akiambiwa. Mwenye mgonjwa nyumbani anayetegemea mashine asiuguse.

Pa kulinganisha

Anza na tovuti ya mdhibiti, yaani chombo kinachosimamia kampuni za nishati, au ya serikali, kama ipo. Australia kuna Energy Made Easy, na jimbo la Victoria lina yake, Victorian Energy Compare. Texas kuna Power to Choose. New Zealand kwa miaka mingi watu wametumia Powerswitch, ya shirika la watumiaji. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2019 inazitaka nchi wanachama zihakikishe kuna angalau chombo kimoja cha kulinganisha kisicho na malipo kwa nyumba za kawaida.

Tovuti za binafsi pia hufaa, ila ujue zinakula wapi. Nyingi hulipwa kamisheni na kampuni kila mteja anapohama kupitia kwao, na nyingine kwa mwanzo hukuonyesha zile tu zinazowalipa. Tafuta kitufe cha kuonyesha mikataba yote, kikiwepo kibonye. Kisha weka uniti zako za mwaka, usikubali namba ya "nyumba ya wastani" wanayokuwekea. Hapo ndipo ile kazi ya bili inapolipa.

Punguzo linaloonekana tamu

"Punguzo la asilimia 25." La nini? La uniti peke yake au la bili nzima? Kutoka bei ipi? Australia ilichoshwa na mchezo huu kiasi kwamba tangu Julai 2019 wauzaji katika majimbo kadhaa hulazimika kulinganisha matangazo yao na bei moja ya rejea. Pasipo na kanuni kama hiyo, puuza asilimia, uliza bei halisi baada ya punguzo na uipitishe kwenye hesabu yako. Uliza vilevile punguzo linakwisha lini, na kama linafutika ukichelewa kulipa siku moja.

Mtego wa Texas ni wa kiufundi zaidi na unanistaajabisha kwa ujanja wake. Kampuni hutakiwa kuonyesha wastani wa bei kwa matumizi ya uniti 500, 1,000 na 2,000 kwa mwezi. Basi wengine hubuni mkataba unaorudisha fedha mteja anapofika uniti 1,000. Chukua uniti kwa senti 18 na marejesho ya senti 10,000. Ukitumia 1,000 kamili, unalipa 8,000, yaani senti 8 kwa uniti, na unatokea juu kabisa kwenye orodha. Ukitumia 990, marejesho hayapo, unalipa 17,820. Uniti kumi pungufu zimekugharimu zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo usitazame safu moja. Safu tatu zikipishana sana, pana kitu.

Zawadi ya kujiunga ihesabu kama punguzo la mwaka wa kwanza tu. Na umeme "wa kijani", yaani wa jua, upepo na kadhalika? Unaofika kwenye soketi yako ni ule ule wa jirani, ulichonunua ni vyeti na ahadi kwamba kiasi hicho kimezalishwa mahali. Ukipenda kulipia, lipia ukijua.

Mchunguze muuzaji pia

Bei ya chini kabisa wakati mwingine ni ya kampuni isiyofika mwakani. Gesi ilipopanda ghafla mwaka 2021, zaidi ya wauzaji 25 walianguka Uingereza kati ya mwaka huo na mwanzo wa 2022. Wateja hawakukatiwa, walihamishiwa kampuni nyingine na salio lao likalindwa, lakini bei nzuri waliyoifunga ilikufa pamoja na kampuni. Kwa hiyo uliza mdhibiti wa kwenu anafanya nini muuzaji akifilisika, na usilimbikize fedha nyingi kwa muuzaji mgeni. Salio lako likizidi bili ya mwezi mmoja au miwili, dai ziada irudishwe. Takwimu za malalamiko, mdhibiti akizitoa, zina faida kuliko nyota za mtandaoni.

Pigia kampuni uliyonayo kwanza

Ukishapata mkataba bora, usijaze fomu bado. Piga simu kwa kampuni yako, sema una ofa ya kiasi fulani kwa mwaka na unauliza wao wana nini. Taja jumla ya mwaka, usitaje bei ya uniti, la sivyo watakupa uniti rahisi wakapandisha tozo. Mara nyingi mteja wa zamani ndiye anayelipa zaidi kwa sababu tu hajauliza. Wakikupa kitu, omba kiandikwe.

Kisha uliza faini ya kuvunja mkataba. Ukiokoa senti 3,175 kwa mwaka, ni kama 265 kwa mwezi. Mkataba umebakiza miezi minane na faini ni 3,000? Utaokoa 2,120 tu, basi tulia mpaka muda uishe. Uingereza hakuna faini katika siku 49 za mwisho za mkataba wenye bei iliyofungwa. Kwingine angalia karatasi yako.

Mpangaji aangalie jina lililo kwenye bili. Likiwa lake, kwa kawaida uamuzi ni wake. Likiwa la mwenye nyumba, ni la kuzungumza naye.

Kuhama

Kuhama kwenyewe ni kwepesi: unaiambia kampuni mpya, yenyewe ndiyo inayoifahamisha ya zamani. Usimwage taarifa zako kabla ya kuamua. Kila nyumba ina namba ya utambulisho ya mita, iitwayo MPAN kwa umeme wa Uingereza, NMI Australia, ESI ID Texas, na muuzaji asiye mwaminifu akiipata pamoja na jina na anwani yako anaweza kukuhamisha bila ridhaa. Anayebisha hodi na kuomba "aone bili mara moja tu" mwambie aache karatasi ya bei mlangoni. Hata kama amevaa kitambulisho.

Soma muhtasari wa mkataba kabla ya kukubali, hasa bei ya uniti, tozo, muda, faini, na nini hutokea muda ukiisha. Sehemu nyingi hukupa siku kadhaa za kubadili mawazo, Uingereza ni 14.

Siku ya kuhama soma mita na uipige picha yenye tarehe, ya umeme na ya gesi. Tuma namba hiyo kwa kampuni zote mbili. Magomvi mengi ya bili ya mwisho yanatokana na kampuni mbili kukadiria namba mbili tofauti, na picha yako humaliza ubishi. Kama benki hukulipia moja kwa moja, usisimamishe malipo ya kampuni ya zamani mpaka bili ya mwisho ifike na salio lako lirudi.

Bili ya kwanza ya kampuni mpya ikija, kaa na karatasi ya ofa. Bei ya uniti ni ile? Tozo ni ile? Namba ya kuanzia ya mita ni ile ya kwenye picha? Nilipohama mara ya pili, namba ya mita haikuwa ile. Simu moja na picha moja, wakarekebisha siku hiyo hiyo.

Halafu fungua kalenda ya simu, hesabu miezi miwili kabla ya mkataba kuisha, uandike "bili". Muda ukiisha kimya kimya, kampuni nyingi hukusogeza kwenye bei yao ya kawaida, na hiyo mara nyingi ndiyo ghali kuliko zote walizo nazo.